Cheti cha Usajili Hakitoshi: Namna Chuo Kikuu Kinavyotoa Leseni ya Jina na Nembo Yake

Waheshimiwa makamu wakuu wa vyuo, wanasheria, maofisa ununuzi, wasimamizi wa maduka ya vyuo na viongozi wa wanafunzi, nawasalimu.

Mada yetu ni namna chuo kikuu kinavyolinda jina na nembo yake kwenye bidhaa: fulana, kofia, vikombe, mabegi, jezi na kadhalika. Niseme msimamo wangu mapema. Cheti cha usajili wa alama ya biashara ni mwanzo tu wa kazi. Nembo inalindwa pale chuo kinapojua, siku yoyote ile, ni nani anayeichapa, juu ya bidhaa gani, katika kiwanda gani, na kwa ruhusa ya nani. Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo manne bado hakijaanza kujilinda, hata kama kina vyeti kumi kwenye faili.

Tuanze kwa kuhesabu mali yenyewe. Vyuo vingi vikiulizwa vina alama ngapi hutaja moja, ile ya juu ya barua. Ukikaa chini ukahesabu utakuta jina kamili, kifupisho chake, jina la utani wanalolitumia mashabiki, muhuri, ngao, kaulimbiu, mnyama wa timu, pengine na mpangilio wa rangi. Kila kimoja kiingie kwenye daftari la alama: kilianza kutumika lini, kimesajiliwa nchi gani na kwa nambari gani, usajili unaisha lini, na nani alikichora. Sehemu hiyo ya mchoraji ndiyo mara nyingi huachwa wazi, na ndiyo yenye hatari. Mchoro una hakimiliki, na katika nchi nyingi hakimiliki huanzia kwa mchoraji, isipokuwa kama ni mwajiriwa aliyechora akiwa kazini. Kumlipa msanii wa nje ankara yake hakuhamishi haki hiyo. Wala kumpa zawadi mwanafunzi aliyeshinda shindano la kubuni nembo hakuihamishi. Panahitajika hati ya kuhamisha hakimiliki, hata ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa kabla nembo haijatangazwa. Ikishapata umaarufu, saini hiyo hupanda bei.

Muhuri tuuweke kando. Ule unaogongwa kwenye shahada na barua rasmi haufai kuuzwa kwenye fulana, na vyuo vingi vikubwa huuzuia au huuruhusu kwa bidhaa chache tu za heshima, kama fremu za vyeti. Naunga mkono zuio hilo kwa moyo wote. Muhuri ukizagaa kwenye vikombe na vishikio vya funguo, watu hawauangalii tena kwa makini wanapouona kwenye cheti, na faili safi za kuuchapa zinakuwa mikononi mwa wachapaji wengi.

Sasa usajili. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika madaraja 45 kwa mfumo wa kimataifa wa Nice, na alama husajiliwa kwa daraja. Chuo karibu daima huwa na daraja la 41, la elimu na michezo. Wengi huishia hapo, kisha hushangaa muuza fulana anapowashinda. Nguo, viatu na kofia ziko daraja la 25. Karatasi, kalamu na vitabu ni la 16. Mabegi ni la 18, vikombe na glasi ni la 21, bendera za kitambaa ni la 24, vito na saa ni la 14, vifaa vya michezo na vinyago vya kuchezea ni la 28. Kama fedha hazitoshi, ushauri wangu ni daraja la 41 na la 25 kwanza, kisha la 21 na la 16, na mengine yafuate mauzo. Na jina lisajiliwe kwa herufi za kawaida, peke yake, kabla ya nembo. Usajili wa nembo hulinda mchoro ule. Mchoro ukibadilishwa baada ya miaka mitano, ulinzi wake hubaki nyuma. Jina lililosajiliwa kwa herufi za kawaida hufunika kila mwandiko.

Usajili una mipaka ya nchi. Mkataba wa Paris wa 1883 unampa aliyewasilisha maombi nchini kwake miezi 6 ya kuyawasilisha kwingine huku akihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Itifaki ya Madrid ya 1989 inaruhusu maombi mamoja kwenda nchi nyingi, ila kwa miaka 5 ya mwanzo usajili huo hutegemea ule wa nyumbani: wa nyumbani ukifutwa, na wa kigeni unaanguka nao. Msisahau nchi ambako nguo zinashonwa, hata kama hamuuzi huko. Katika nchi ambako haki ni ya aliyetangulia kusajili, mtu mwingine akisajili jina lenu anaweza kuzuia mzigo wenu halali usitoke bandarini.

Muda wa usajili, kwa Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, hauwezi kuwa chini ya miaka 7, na nchi nyingi zimeweka 10, tena unahuishwa bila kikomo. Marekani ina mtego wa ziada: kati ya mwaka wa 5 na wa 6 lazima uwasilishe tamko kwamba alama bado inatumika, pamoja na ushahidi, la sivyo usajili unafutwa. Kisha kuna kutotumia. TRIPS inasema alama haiwezi kufutwa kwa kutotumika kabla ya miaka 3 mfululizo kupita, na nchi mbalimbali zimeweka 3 au 5. Hapo ndipo nembo za zamani zinapopotea. Chuo hubadilisha nembo, huitupa ile ya awali, na baada ya muda kampuni huanza kuuza fulana za mtindo wa zamani zenye nembo hiyo hiyo, kwa sababu wahitimu wa enzi hizo wanaipenda. Penn State, chuo kikuu cha Marekani, ilibidi iipeleke mahakamani kampuni ya Vintage Brand iliyokuwa ikichapa picha zake za kihistoria. Shauri lilifunguliwa 2021, na baraza la wazee wa mahakama likakipa chuo ushindi Novemba 2024. Kinga rahisi ni kuendelea kutengeneza bidhaa chache zenye nembo za kale kila mwaka, ziuzwe kweli, na ankara zitunzwe.

Kuna jambo moja la usajili wa nguo ambalo wasanifu hawalijui na wanasheria husahau kuwaambia. Neno kubwa lililochapwa kifuani linaweza kuhesabiwa pambo tu, halimwambii mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Chuo Kikuu cha Ohio State kiliomba kusajili neno THE kwa nguo mwezi Agosti 2019, kikapeleka picha za fulana na kofia zenye neno hilo mbele. Mkaguzi alikataa, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo ya pambo. Usajili ulipatikana Juni 2022, tena kwa nguo zinazouzwa kupitia njia za kawaida za michezo ya vyuo tu. Kwa hiyo kila nguo yenu iwe na jina la chuo pia kwenye lebo ya shingoni na kwenye kadi inayoning'inia. Lebo ya shingoni ni sentimita chache tu za kitambaa, lakini ndiyo ushahidi wenu wa matumizi.

Alama ya R ndani ya duara iwekwe pale tu jina liliposajiliwa kwa bidhaa hizo, katika nchi hiyo. Katika baadhi ya nchi kuiweka bila usajili ni kosa.

Nije kwenye leseni. Mtindo tunaouona leo wa vyuo vya Marekani ulipata sura mwaka 1981, Bill Battle alipoanzisha Collegiate Licensing Company, kampuni inayosimamia leseni za vyuo vingi kwa pamoja. Wakala wa namna hiyo hukusanya mirabaha, yaani asilimia ya mauzo anayolipwa mwenye alama, hukagua hesabu na hufukuzia bandia, naye huchukua sehemu ya mapato. Chuo chenye wachapaji watano hakimhitaji. Chuo chenye timu inayotazamwa na taifa zima hakiwezi kumkwepa, isipokuwa kiwe na ofisi yake yenye watu wa kutosha.

Leseni nzuri inajibu mambo kwa uwazi unaochosha: alama zipi, kwa michoro iliyoambatanishwa, bidhaa zipi, zikitajwa moja moja, maana "nguo" ni neno pana mno, nchi zipi, maduka ya aina gani, muda gani. Muda uwe mwaka mmoja hadi mitatu. Msitoe haki ya pekee kwa bidhaa zote kwa mtu mmoja. Mpeni ya pekee kwa jezi kama amelipia, lakini vikombe na kalamu ziachwe wazi. Na mkataba ukatae waziwazi kumruhusu mwenye leseni kuigawa kwa mwingine, pamoja na kumpa kiwanda cha pili kazi bila idhini ya maandishi.

Mrabaha hukokotolewa kwa bei ya jumla, ile anayoitoza mwenye leseni kwa duka. Viwango vya leseni za vyuo Marekani huzunguka kati ya asilimia 8 na 15. Tuchukue fulana 2,000 zilizouzwa kwa jumla dola 10 kila moja, mrabaha asilimia 10: mauzo ni dola 20,000, chuo kinapata 2,000. Sasa tazameni kinachotokea mkataba ukisema tu "mauzo halisi" bila ufafanuzi. Mwenye leseni anakata kwenye hesabu punguzo la matangazo, kamisheni ya wauzaji wake, madeni yasiyolipwa na gharama za usafirishaji, anabaki na 15,000, na chuo kinapata 1,500. Hajaiba kitu, amesoma mkataba kuliko ninyi. Andikeni kwamba kinachokatwa ni bidhaa zilizorudishwa kweli na punguzo la wingi lililoonekana kwenye ankara, basi, na kwa ukomo wa asilimia iliyotajwa. Mauzo kwa kampuni ndugu yahesabiwe kwa bei ya soko. Bidhaa za bure zilizozidi idadi fulani zilipiwe. Na duka kubwa linapochukua mzigo moja kwa moja kutoka kiwandani ng'ambo, bei ya jumla huwa ndogo zaidi kwa kuwa gharama za kuuleta ni za duka; hapo kiwango cha mrabaha kipandishwe, la sivyo chuo kinapunjwa kwa bidhaa ile ile.

Taarifa ije kila robo mwaka hata kama mauzo ni sifuri, ikionyesha kila bidhaa, idadi, bei na mnunuzi. Taarifa yenye jumla moja chini ya ukurasa haina maana, haiwezi kukaguliwa. Kuwe na malipo ya chini ya uhakika kwa mwaka, sehemu yake ilipwe mwanzoni, ili mtu asichukue leseni na kuikalia. Kuwe na haki ya ukaguzi wa vitabu, na kifungu cha kawaida kwamba upungufu ukizidi asilimia 5 gharama za mkaguzi ni za mwenye leseni. Mkaguzi asiishie kwenye vitabu vya mauzo. Aombe ankara za lebo na za vitambaa: aliyenunua lebo 9,000 na kuripoti fulana 6,000 ana fulana 3,000 za kuzieleza.

Bima ya dhima ya bidhaa ni ya lazima, na chuo kitajwe ndani yake. Kikombe kikipasuka na chai ya moto mkononi mwa mtu, jina analolisoma ni la chuo.

Hapa nafika kwenye sehemu ninayoiona ndiyo roho ya kazi yote, nayo ni udhibiti wa ubora. Si suala la fahari peke yake. Katika sheria za Marekani na nchi nyingine nyingi, anayetoa leseni bila kudhibiti ubora anaweza kuhesabiwa kuwa ameitelekeza alama yake. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 9 iliamua hivyo katika kesi ya Barcamerica, kampuni iliyompa mtengenezaji mvinyo leseni ya jina Da Vinci kisha ikategemea kuonja mara moja moja bila utaratibu. Mahakama haikujali kama mvinyo ulikuwa mzuri au mbaya. Ilijali kwamba mwenye alama hakusimamia. Chuo kinachosaini leseni na kungoja hundi kiko njia hiyo hiyo.

Usimamizi una ngazi tatu. Kwanza mchoro: mwenye leseni anatuma mchoro kamili kabla ya kuchapa, aliouchukua kwenye faili ya vekta, ile inayokuzwa bila kuharibika, mliyompa ninyi. Aliyeinakili nembo kwenye tovuti huonekana mara moja, kingo zake zina ngazi ngazi. Pili, sampuli kabla ya uzalishaji, kwa kitambaa kile kile na wino ule ule. Tatu, vipande vichache kutoka kwenye uzalishaji wenyewe, tena vichukuliwe bila kuchaguliwa. Ngazi hii ya tatu ndiyo hurukwa, na ndiyo inayofichua udanganyifu, kwa sababu sampuli ya kwanza kila mtu huitengeneza vizuri.

Sampuli ikiwa mezani, tazameni hivi. Rangi ilinganishwe na kipande cha rangi cha Pantone, mfumo wa kutambua rangi kwa nambari, chini ya mwanga wa mchana, wala si kwenye kioo cha kompyuta. Nyekundu iliyochapwa kwenye kitambaa cheusi bila wino mweupe wa kutanguliza hugeuka kuwa ya damu ya mzee. Vuteni kitambaa kwenye chapa: wino wa plastisoli usiofikishwa joto la kutosha, kama nyuzijoto 160 za Selsiasi hadi ndani, hupasuka mistari mistari ukivutwa, na baada ya kufuliwa mara chache hubanduka. Kwa hiyo fueni kweli, mara tano, kwa maelekezo ya lebo, kisha linganisheni na ambayo haijafuliwa. Kwenye kudarizi angalieni herufi ndogo. Zikiwa na kimo chini ya milimita 5 nyuzi huziba matundu ya a na e, na kaulimbiu haisomeki. Geuzeni nguo ndani nje mtazame nyuzi zilizoachwa na ugumu wa kitambaa cha kuegemeza. Nguo za watoto zisiwe na kamba za kukaza shingoni, maana hunasa na kunyonga. Za watoto chini ya miaka 3 zisiwe na vipande vinavyong'oka. Vikombe vidaiwe cheti cha maabara kuhusu risasi na kadimiamu kwenye rangi, hasa karibu na ukingo wa kunywea. Idhini iwe ya maandishi, yenye tarehe na picha, na sampuli moja ibaki stoo ya chuo ikiwa na nambari. Siku ya kesi, rafu hiyo ya sampuli itakuwa shahidi wenu bora.

Wekeni muda wa kujibu pia. Kama ofisi ya chuo inachukua wiki sita kuidhinisha kofia, wachapaji watachapa kabla ya jibu, na kosa litakuwa lenu. Siku 10 za kazi zinatosha.

Na kuna bidhaa ambazo jibu lake ni hapana kabla ya sampuli: pombe, tumbaku, silaha, kamari, kwa vyuo vingi. Kukataa kwenyewe lazima kulindwe. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa Marekani ilikubaliana na Chuo Kikuu cha Georgia dhidi ya mfanyabiashara aliyetoa bia ya Battlin' Bulldog, mkebe mwekundu na mweusi wenye mbwa aliyevaa sweta lenye herufi G. Maandishi ya kukana uhusiano na chuo, madogo na pasipoonekana, hayakumwokoa.

Sasa nizungumze na walio ndani ya nyumba, kwa kuwa kwa maoni yangu uvujaji mkubwa unaanzia huko. Idara ya fizikia inataka fulana 60 za kongamano, klabu ya mijadala inataka sweta 40, na kila mmoja anakwenda kwa mchapaji anayemjua akiwa na nembo aliyoipakua. Mchapaji huyo sasa ana faili, na mwezi ujao anachapa za kwake. Utaratibu unaofanya kazi ni mwepesi: idara na vikundi vyote vinunue kwa wachapaji walio kwenye orodha ya leseni, bidhaa za matumizi ya ndani zisitozwe mrabaha, lakini mchoro uidhinishwe, na ofisi ya ununuzi ikatae kulipa ankara ya mchapaji asiye na leseni. Hapo ofisi ya fedha inakuwa mlinzi bila gharama. Kwa fundi mdogo wa eneo jirani wekeni leseni nyepesi: ada ndogo ya mwaka, ukomo wa idadi, bidhaa zilizotengenezwa kwa mkono. Mkimfungia kabisa atachapa tu, ila kwa kujificha.

Viongozi wa wanafunzi, hili lawahusu. Chuo cha umma kinapofungua nembo yake kwa vikundi vya wanafunzi, hakiwezi kuchagua kwa kuangalia maoni ya kikundi. Chuo Kikuu cha Iowa State kilikubali mchoro wa fulana wa kikundi kinachotaka bangi ihalalishwe, kisha, baada ya kelele za wanasiasa, kikabadili kanuni na kukataa michoro iliyofuata. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilisema maofisa walikuwa wamebagua kwa sababu ya mtazamo, jambo ambalo Katiba ya Marekani hairuhusu. Kanuni ziandikwe kabla ya ombi lenye utata kufika, na zitumike sawa kwa wote.

Twende nje, kwa wanaochapa bila ruhusa. Kosa la kwanza la vyuo ni kungoja. Kampuni ya nguo ya Champion ilikuwa imetengeneza nguo zenye jina la Pitt, kifupisho cha Pittsburgh, tangu miaka ya 1930, chuo kikijua na kununua. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilipokwenda mahakamani, mahakama ya rufaa mwaka 1982 ilikataa kukirudishia faida za miaka iliyopita kwa sababu ya kuchelewa, ingawa iliacha wazi suala la kuizuia Champion isiendelee siku za mbele. Kesi iliporudi mahakama ya chini chuo kikashindwa. Sheria imesogea tangu wakati huo: mwaka 2008, katika kesi ya kampuni ya fulana ya Smack Apparel, Louisiana State na vyuo vingine vitatu vilishinda dhidi ya fulana ambazo hata hazikuwa na jina la chuo, zilikuwa na rangi za chuo na maneno yaliyoelekeza kwenye mechi zake. Ila ushindi huo ulijengwa juu ya miongo ya kutumia rangi hizo bila kuyumba. Chuo kinachobadilisha rangi kila kiongozi mpya anapoingia hakina cha kudai.

Mnapogundua bidhaa, msiandike barua kwanza. Nunueni. Tunzeni bahasha, risiti, picha ya ukurasa wa mauzo yenye anwani na tarehe, na bidhaa yenyewe ikiwa haijavaliwa. Linganisheni na sampuli ya stoo na daftari la leseni. Mara kadhaa mtakuta ni mwenye leseni wenu mwenyewe anayeuza nje ya nchi aliyoruhusiwa. Kisha mjiulize huyu ni nani. Fundi asiyejua apewe barua ya upole yenye fomu ya leseni ndani. Mfanyabiashara anayejua apewe barua yenye nambari ya usajili, daraja, maelezo ya kitu kilichonunuliwa, na madai manne: aache, ataje alichouza na kilichobaki, ataje aliyemtengenezea, ajibu kabla ya tarehe fulani. Mtengenezaji bandia wa kiwango kikubwa asipewe barua yoyote, maana mnampa nafasi ya kuhamisha mzigo. Huyo ni wa mahakama na vyombo vya dola. Na msitishie msichoweza kuthibitisha. Uingereza, kwa mfano, muuza duka aliyetishiwa kesi ya alama bila msingi anaweza kumshtaki aliyemtishia.

Wapo pia ambao hamna haki nao. Gazeti likiandika habari zenu linatumia jina lenu kihalali. Msanii Daniel Moore alichora matukio ya mechi za Chuo Kikuu cha Alabama, mavazi ya timu yakionekana, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikamlinda kwa michoro na nakala zake kwa msingi wa uhuru wa kujieleza. Barua iliyotumwa kwa mtu kama huyo hukirudia chuo kwenye vichwa vya habari.

Majukwaa ya mtandaoni ambako fulana huchapwa baada ya kuagizwa ni tatizo la namna yake, kwa sababu hakuna stoo ya kuvamia. Mwuzaji ana picha tu. Jukwaa litaondoa tangazo mkitoa nambari ya usajili katika daraja sahihi. Mkipeleka cheti cha daraja la 41 kwa malalamiko ya fulana, mtaulizwa maswali hadi mchoke. Tafuteni pia majina yaliyokosewa kwa makusudi na herufi zilizoachanishwa. Wekeni jedwali la wauzaji walioondolewa, maana hurudi kwa jina jipya na picha ile ile, na jukwaa hufunga akaunti kwa ushahidi wa kurudia. Aliyechukua jina la chuo kama anwani ya tovuti anaweza kushtakiwa kwa utaratibu wa WIPO, Shirika la Haki Miliki Duniani, ada ikiwa dola 1,500 kwa majina hadi matano mbele ya mwamuzi mmoja.

Kwa mizigo mikubwa, forodha ndiyo mlango mwembamba. TRIPS inazitaka nchi ziwe na utaratibu wa kusimamisha bidhaa bandia mpakani kwa ombi la mwenye alama. Sajilini alama forodhani panapowezekana, kisha mwandalieni ofisa kijitabu kifupi: picha ya lebo halisi, hologramu, yaani stika ya kung'aa inayothibitisha bidhaa ni halali, na namna ya kuijaribu, orodha ya waagizaji walioruhusiwa, makosa yanayoonekana kwenye bandia, na simu inayopokelewa. Mzigo ukishikwa mna siku 10 za kazi tangu mpewe taarifa kufungua shauri, zinazoweza kuongezwa 10 nyingine, zikipita, unaachiliwa. Kwa hiyo wakili awe amekubaliwa na mamlaka ya kusaini yawe yametolewa kabla. Bodi ya chuo inayokutana mara moja kwa robo haiwezi kuamua ndani ya siku hizo.

Hologramu nazo zihesabiwe kama fedha: zina nambari, hutolewa kwa idadi ya uzalishaji ulioidhinishwa, na zilizoharibika hurudishwa.

Siwezi kuacha suala la mikono inayoshona. Wanafunzi wa Marekani walipodai mwishoni mwa miaka ya 1990 kujua sweta za vyuo vyao zinashonwa wapi, vyuo viliingia kwenye mashirika ya kufuatilia haki za wafanyakazi viwandani, Fair Labor Association, iliyoundwa 1999, na Worker Rights Consortium, iliyoundwa 2000, na vingi vikaweka sharti la kutangaza majina na anwani za viwanda. Nguvu ya sharti hilo ilionekana 2009. Kampuni ya nguo za michezo ya Russell Athletic ilikuwa imefunga kiwanda Honduras ambako wafanyakazi walikuwa wameunda chama. Vyuo vingi vikasitisha leseni, na Novemba mwaka huo kampuni ikakubali kufungua kiwanda na kuwarudisha kazini watu 1,200. Hakuna sheria ya alama iliyofanya hivyo, ni mkataba wa leseni. Kila aliyeketi hapa mwenye kalamu ya kusaini ana uwezo huo, naye anawajibika kuutumia: orodha ya viwanda iwe kiambatanisho cha mkataba, ihuishwe kila mabadiliko, na mkaguzi huru aruhusiwe kuingia bila taarifa.

Mwisho ni kumalizika kwa leseni, ambako mikataba mingi imenyamaza. Siku 30 kabla ya tarehe, mwenye leseni alete hesabu ya stoo: bidhaa zilizokamilika, zilizo nusu, lebo na hologramu. Mpeni siku 60 au 90 za kuuza zilizokamilika tu, kwa mrabaha ule ule, bila kutengeneza mpya. Asipewe siku hizo kabisa kama leseni imevunjwa kwa kosa la ubora au la kutolipa, na chuo kikitaka kiinunue stoo yake kwa bei ya gharama ya kuitengeneza. Kitakachobaki kiondolewe nembo au kiharibiwe, kwa picha na cheti. Skrini za kuchapia zifutwe, faili za kudarizi na za vekta zifutwe kiwandani na kwa wasanifu wake, na kiwanda chenyewe kisaini kwamba kimefuta. Taarifa ya mwisho na malipo vije ndani ya siku 30 baada ya hapo, na haki ya kukagua vitabu iendelee kwa miaka mitatu. Miezi miwili baadaye mtu wa ofisi yenu aende dukani na mtandaoni, anunue kipande chenye nembo, asome nambari ya hologramu iliyoko juu yake.